Virginia Ciakuthii Njeru, Aliyepewa Kivuli Akakilima

Padre, wazee wetu, akina mama, majirani, na wageni mliotoka Ruiri na Majengo: karibuni nyumbani. Wasifu huu umeandikwa na kaka wa marehemu, Mwaniki, mwalimu mstaafu, naye ndiye anayeusoma. Aliombwa aandike ukurasa mmoja. Umezidi, na mwenye duka la kuchapisha programu amelalamika vya kutosha. Kwa kuwa wasifu humtaja kila mtu kwa jina lake, Mwaniki naye atatajwa humu kama Mwaniki, mazuri yake na mabaya yake, bila kujificha nyuma ya neno "familia". Mwezi uliopita marehemu alimwuliza swali moja, na hakumjibu. Swali hilo liko hapa chini mahali pake. Jibu pia liko, ingawa mwulizwa amechelewa.

Virginia Ciakuthii alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1962, hapa hapa Kianjokoma, katika nyumba ya udongo iliyosimama pale lilipo tangi la maji sasa. Alikuwa mtoto wa pili, na wa mwisho, wa Mzee Njeru na Mama Marigu. Kwa desturi yetu Waembu, mvulana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na msichana wa kwanza jina la nyanya mzaa baba. Kwa hiyo Mwaniki na Ciakuthii walirithi majina ya wale wazee wawili waliofyeka shamba hili lilipokuwa msitu, babu na panga, nyanya na jembe. Mzee Njeru hakuwahi kumwita binti yake kwa jina. Alimwita "mama". Akimtuma maji alimwambia, "Mama, tafadhali." Mwaniki, ambaye naye aliitwa "baba", tafadhali hiyo hakuionja hata siku moja.

Alipenda udongo mapema mno. Akiwa na miaka mitano alichukua kijiko kizuri cha mama, kile cha wageni, akakipanda nyuma ya jikoni na kukimwagilia kila jioni, apate vijiko vingi. Nyumba nzima ilikitafuta wiki mbili. Alipoulizwa alisema hawezi kukifukua kwa sababu bado hakijashika. Neno hilo, kushika, alikuja kulitumia maisha yake yote.

Mwaka wa 1969 alianza darasa la kwanza katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya kijito. Kijito kikifura, Mwaniki alimbeba mgongoni, naye huko juu alimwongoza kama anayeendesha punda. "Kushoto! Hapo kuna jiwe! Wewe, si uangalie!" Alifanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1975 akapita vizuri kumshinda kaka yake, akaingia sekondari mwaka uliofuata. Mwisho wa mwaka wa 1977 buni zikashikwa na ugonjwa, zikawa nyeusi mtini kabla ya kuiva, na baba akasema mavuno yatasomesha mtoto mmoja. Mwaniki alikuwa ameitwa chuo cha ualimu. Hakuna aliyemwuliza Ciakuthii maoni yake. Alifua sare yake, akaianika, akaikunja, na baadaye akaifumua akamshonea kaka yake mfuko wa vitabu. Mwaniki aliubeba mfuko huo miaka miwili chuoni. Wenzake walimwuliza ni fundi gani, akawaambia ni mtu wa nyumbani tu.

Mnamo Februari 1981 marehemu alikwenda Meru mjini kujifunza ushonaji, akapanga chumba Majengo, kwa Bwana Rashid muuza nyama na mkewe Rahema, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Rahema. Mama Rahema yuko nasi leo, ameketi pale mbele na leso nyeusi. Ametoka Meru alfajiri, na magoti yale yake. Asante sana, mama. Kwa miaka mitano marehemu alishona sare za shule, mashuka, na nguo za Idi ambazo yeye Mkatoliki alizipiga pasi kwa uangalifu kuliko nguo zake za Krismasi. Kile Kiswahili chake ambacho wengi wenu mmekisifia hakikutoka kwa Mwaniki, aliyekifundisha miaka thelathini na minane. Alikitoa Majengo, barazani kwa Rahema, huku wakichambua mchele.

Nyuma ya nyumba hiyo, kati ya ukuta na ukuta, mahali jua halifiki, palikuwa na kichaka. Babake Rahema alikuwa mtunza bustani katika shamba la mzungu upande wa Timau, na mzungu alipoondoka aliachiwa miche. Kichaka chenyewe kina majani yanayong'aa kama fedha upande wa chini, maua madogo yenye harufu nzuri, na matunda mekundu yenye vidoa, madogo kama punje za mahindi mabichi. Jina lake hakuna aliyelijua. Siku ya kwanza Ciakuthii alichuma moja likamfunga mdomo, na Rahema akacheka hadi akaketi chini.

"Pole, mwanangu! Ngoja liwe jekundu kabisa, liwe kama linataka kuanguka. Ukila kabla, litakukaza ulimi ushindwe hata kusalimu watu."

Yalipoiva mwezi wa Ramadhani, Rahema aliyakamua akatengeneza sharubati ya futari. Marehemu alikuwa akisema kwamba hajawahi kunywa kitu kitamu kama kile, tena yeye hakuwa amefunga.

Bwana Rashid alikuwa akinunua ng'ombe kwa kijana mmoja wa Ruiri anayeitwa Kiambi. Kijana huyo alianza kuleta suruali zake zirekebishwe. Alikuwa na suruali mbili, na zilipimwa mara tano. Rashid ndiye aliyemwambia, "Bwana Kiambi, sema unachotaka, suruali zimechoka." Walifunga ndoa kanisani Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986. Mahari ilitolewa ikakamilika, mbuzi, asali na blanketi la mama, na Mwaniki alikula nyama hiyo akashiba. Anaitaja nyama hiyo kwa sababu baadaye alikuja kuitumia vibaya.

Ruiri waliishi vizuri. Mungu aliwajalia binti mmoja, Maxine, mwaka wa 1989. Marehemu alikuwa na cherehani yake pale sokoni, na nyuma ya nyumba alipanda kila kitu isipokuwa vijiko. Bwana Kiambi alifariki tarehe 5 Juni 2007 kwa ugonjwa wa kifua. Baada ya hapo mambo ya shamba hayakukaa sawa. Mengi yalisemwa, na waliosema wengine wamekuja kumzika leo, kwa hiyo tuyaache. Januari 2009, akiwa na miaka arobaini na sita, Virginia Ciakuthii alirudi Kianjokoma na cherehani, masanduku mawili na sufuria ya mama mkwe wake.

Wazazi wetu walikuwa wameshatangulia. Mwenye boma alikuwa Mwaniki. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Mwaniki alimpa dada yake jembe siku ya tatu kweli. Alimpa chumba cha marehemu mama, na akampa kipande cha shamba kule chini, kando ya ua, penye ile miti mirefu ya mukima ambayo baba aliipanda kwa ajili ya mbao. Kisha mbele ya mashahidi wawili akamwambia: "Panda maharagwe, panda mboga, panda chochote cha msimu. Mti usipande."

Kwa vijana ambao hawajui: maharagwe ni ya msimu, ukivuna umemaliza. Mwenye kupanda mti anasema kwamba yupo, na kwamba watoto wake watamkuta hapo. Ndiyo maana mpangaji hapandi mti katika shamba la wenyewe. Na binti aliyeolewa, mahari yake ikaliwa, akarudi, naye hapandi. Mwaniki alijua anachokisema, na dada yake alijua ameambiwa nini. Alijibu, "Sawa, Mwalimu." Kabla ya siku hiyo alikuwa akimwita Mwaniki. Miaka mitatu na zaidi ilipita ndipo akamwita Mwaniki tena.

Na Mwaniki alijua jambo lingine. Chini ya mukima hapaoti kitu. Yeye mwenyewe alikuwa amejaribu viazi mara mbili, akapata vya kuhesabu kwa vidole. Alimpa dada yake mahali hapo kwa sababu hapakuwa na hasara. Haya yameandikwa hapa kwa mkono wake, na msomaji asidhani ni makosa ya uchapaji.

Msimu wa kwanza maharagwe yalirefuka, yakatoa majani mazuri, yakakosa hata ganda moja. Msimu wa pili vivyo hivyo. Marehemu hakulalamika. Aprili 2010 alikwenda kumtembelea Rahema, na aliporudi alikuwa amebeba miche mitano imefungwa kwa gunia bichi. Akaipanda kule kivulini, akaifunika mizizi kwa majani makavu.

Mwaniki aliiona wiki iliyofuata. "Ciakuthii, hii ni nini?"

"Ni mboga."

"Mboga gani ina shina?"

"Ya Majengo."

Alhamisi ya soko, dada yake akiwa ameenda kuuza nguo, Mwaniki aling'oa yote mitano akaitupa njiani. Ciakuthii aliporudi aliikuta. Aliiokota mmoja mmoja, akaikung'uta, akaichovya kwenye maji. Mwaniki alikuwa amesimama pale akingoja maneno, maana alikuwa ameyaandaa yake. Dada yake akamtazama, akasema, "Lazima umechoka, na jua hili. Kuja ukunywe chai." Wallahi, kama wanavyosema watu wa Majengo, chai ile ilikuwa chungu kuliko matusi.

Minne ilikufa. Mmoja aliupanda katika mkebe wa rangi uliotobolewa chini, akauweka mlangoni kwake, chini ya upenu. Mwaniki alipouliza, alijibiwa, "Mkebe hauko shambani, Mwalimu. Mkebe uko mlangoni." Sheria ilikuwa yake mwenyewe, na hakupata pa kuishikia. Mmea ulikaa mkebeni miaka miwili, ukanywa maji ya kuoshea vyombo, ukanenepa.

Mnamo Mei 2012 afisa wa kilimo, Bi. Kananu, alikuja kuangalia kahawa ya Mwaniki, iliyokuwa na majani ya njano. Akipita mlangoni kwa Ciakuthii aliona mkebe umepasuka. Mwanamke yule ana udadisi. Aliinama, akautoa mmea na udongo wake, akaukung'uta, kisha akaita, "Mwalimu, kuja uone!" Kwenye mizizi palikuwa na vinundu vingi vilivyoshikana.

"Umeona hivi? Ni kama vile vya mizizi ya maharagwe. Mmea wenyewe si wa ukoo wa maharagwe, lakini vinundu vinafanya kazi ile ile. Vinachukua kilicho hewani, vinatengeneza mbolea, na udongo unapata. Na hapa umekaa kivulini, ndani ya mkebe, na bado umenona? Mama, umeutoa wapi?"

Ciakuthii aligeuka. Alikuwa anamtazama kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa anatabasamu hadi kwenye jino lake la pembeni.

"Umesikia, Mwaniki? Inafanya kazi ya maharagwe. Na wewe ulisema nipande maharagwe."

Jamani, Mwaniki alikuwa mwalimu mkuu msaidizi. Alikuwa amezima migomo ya wanafunzi. Siku hiyo alishindwa na mkebe wa rangi, afisa wa serikali akiwa shahidi. Mwishowe akasema, "Haya, panda. Lakini ni maharagwe." Na tangu siku hiyo, katika boma hili, kichaka kile kiliitwa maharagwe ya Ciakuthii. Watoto wa majirani waliozaliwa baada ya hapo hawajui jina lingine.

Kuanzia hapo alifanya kazi yake. Wengi wenu mlikuja kuchukua miche, kwa hiyo mnajua njia yake, lakini iandikwe isipotee. Hakutumia mbegu. Mvua ya Machi ikianza, alichukua tawi la chini lililo hai, akaliinamisha hadi ardhini, akalikwaruza kidogo kwa kisu upande wa chini, akalifukia na kuliwekea jiwe juu. Kisha alilisahau, au alijifanya kulisahau. Mwenye haraka aliambiwa, "Usimkate kwa mama yake kabla hajashika." Baada ya miezi sita au zaidi alilivuta pole pole. Likikataa kuja, limeshika. Hapo ndipo alilikata, akaupata mche mwingine wenye mizizi yake. Kufikia mwaka wa 2017 kivuli kile kilikuwa na vichaka ishirini na vitatu. Akishavuna alipogoa, na majani alikwenda kuyalaza chini ya mistari ya kahawa iliyo karibu. Kahawa hiyo ilikuwa ya Mwaniki. Hakumwomba ruhusa, wala hakumwambia.

Mwaniki alipoona mistari minne ya chini imekuwa kijani kibichi kuliko ya juu, alisimama kwenye mkutano wa chama cha kahawa akaeleza kwa nusu saa ubora wa samadi yake. Ciakuthii alikuwa ameketi nyuma na akina mama. Alipofika nyumbani ndipo alipocheka, akacheka, akashika ukuta. "Samadi yako, Mwaniki! Samadi yako ina majani yanayong'aa kama fedha!" Siku hiyo Mwaniki alijua kwamba dada yake alikuwa amemlishia shamba kimya kimya kwa miaka mitano. Angeweza kumwambia neno hapo. Alicheka naye tu, wakanywa chai.

Mwaka wa 2019 ukuta wa Rahema ulijengwa upya na kichaka mama kikakatwa. Marehemu alipanda gari hadi Majengo na mche miguuni, akampandia rafiki yake pale pale. Rahema anasema mwaka huu umezaa.

Ugonjwa ulianza Juni 2024. Chakula kilianza kumkwama kooni, kwanza githeri, kisha chapati, kisha hata viazi vilivyopondwa. Alisema ni ubovu wa meno. Tarehe 22 Agosti 2024 Maxine, aliyekuja kutoka Nanyuki anakofanya kazi, alimpeleka hospitali kwa nguvu, na madaktari wakasema ni saratani ya koo la chakula. Alipata matibabu kwa muda wa mwaka mmoja. Familia inawashukuru wauguzi waliomshika mkono, na akina mama wa jumuiya waliomfulia nguo bila kuitwa.

Machi mwaka huu, akiwa ameshadhoofika, alimwita Mwaniki kule kivulini. Aliketi kwenye kiti, akamwonyesha tawi. Mwaniki akaliinamisha, akalikwaruza, akalifukia, akaweka jiwe, yote vibaya mara ya kwanza. "Wewe ulifundisha watu miaka hiyo yote," alimwambia, "na jiwe linakushinda?" Mara ya pili alifanya sawa. Akaambiwa asiliguse hadi lishike.

Kufikia Septemba kilichoweza kupita kooni kilikuwa maji, maziwa kidogo, na sharubati ya matunda yake, ambayo Maxine aliikamua na kuichuja kwa kitambaa. Mwaniki alimnywesha kwa kijiko. Alasiri moja, tarehe 16, wakiwa wameketi pale kati ya vichaka, alishika mkono wa kaka yake wenye kijiko akauzuia.

"Mwaniki, wacha nikuulize kitu. Mimi nilirudi nyumbani, ama nilikuja kutembea?"

Hilo ndilo swali. Miaka kumi na sita alikuwa amekaa nalo. Na Mwaniki, ambaye hakuwahi kukosa la kusema mbele ya darasa, alisema, "Kunywa kwanza." Dada yake alimtazama kidogo, akauachilia mkono, akanywa. Hakuuliza tena.

Mwaniki hakulala vizuri tangu siku hiyo. Jibu alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu siku ya ile chai. Lakini mtu akinyamaza miaka mingi, mdomo nao unakuwa kama lango lisilofunguliwa, unaingia kutu. Alijiambia atasema Jumapili baada ya misa, akiwa amevaa koti, jambo likae kwa heshima. Jumapili, tarehe 12 Oktoba 2025, njiani kwenda kanisani aliyafanyia mazoezi maneno yake kwa sauti, na Mama Ngari wa kwa duka ni shahidi, maana alimwuliza anaongea na nani. Saa nne na dakika kumi asubuhi, watu wakiimba wimbo wa matoleo, Virginia Ciakuthii alifariki kitandani mwa mama yake, akiwa ameshikwa na Maxine. Mwaniki alifika amevaa koti. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huyu amekuja na kukaa.

Marehemu amemwacha binti yake Maxine na mkwewe. Mjukuu wake Kiunga. Kaka yake Mwaniki na mkewe. Mashemeji zake wa Ruiri. Rafiki yake wa miaka arobaini na minne, Mama Rahema wa Majengo, ambaye familia hii inamhesabu kuwa dada. Na vichaka ishirini na vitatu, vyenye kuzaa.

Sasa jibu.

Juzi wazee walikuja kuuliza kaburi lichimbwe wapi. Wanajua desturi: binti aliyeolewa akarudi hulazwa pembeni, kando ya ua. Waliuliza kwa upole. Walisema, "Mwalimu, tuchimbe kule kwa mukima, katikati ya maharagwe yake? Si alipapenda?" Walitaka kumtendea mema, na Mwaniki anawashukuru. Lakini aliwaambia hapana. Pale alipapenda kwa sababu ndipo alipopewa. Aliwaonyesha mahali pengine, pale juu penye jua, kushoto kwa baba na mama. Wazee wakatazamana, kwa kuwa wote wanajua mahali pale pamewekewa nani. Pamekuwa pa Mwaniki tangu baba alipozikwa mwaka wa 2004. Ndipo kaburi lilipo, mnaliona. Mwaniki siku yake ikifika, mumpeleke chini ya mukima, kando ya ua. Akajue na yeye kivuli kikoje.

Ulirudi, mama. Ulirudi siku ile ile ya kwanza, na masanduku yako mawili, na mwenye kukwambia vinginevyo alikuwa mjinga wa kusoma.

Jana Mwaniki alikwenda kule chini akaondoa jiwe la Machi. Alilivuta lile tawi pole pole, likakataa kuja. Limeshika. Amelikata kwa kisu chako. Tukimaliza kufukia ataupanda mche huo hapa kichwani pako, kwa mikono yake, mbele ya Padre, wazee na afisa wa kilimo. Mashahidi wasiwe wachache kuliko wale wawili wa siku alipokukataza mti. Watoto wakipita wakasema haya ni maharagwe ya Ciakuthii, wasahihisheni. Waambieni ni mti.

Lala kwako, Ciakuthii. Lala kwa amani.